Majina ya Ukimwi: Lugha na Unyanyapaa katika Nchi za Maziwa Makuu, 1982–2018

Mwaka 1982, huko Kasensero, kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa Ziwa Victoria katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, watu walianza kukonda, kuharisha bila kukoma na kufa. Mwaka uliofuata wagonjwa watatu wa namna hiyo waliandikishwa katika mkoa wa Kagera, nao ndio wa kwanza kutambuliwa nchini Tanzania. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wa 1983, kundi la madaktari kutoka Ubelgiji na Marekani lilifika katika Hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa, na huko, wakiwa pamoja na mwenzao Mzaire, daktari Kapita Bila, wakakuta wagonjwa wa aina ile ile wamejaa vitandani.

Mahali patatu, ugonjwa mmoja. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa wasemaji wa Kiswahili na wa lugha jirani hawakuwa na jina moja la kuuita, na majina waliyoutungia hayakuwa alama tupu za kutofautishia ugonjwa huu na mwingine. Kila jina lilibeba mashitaka ndani yake: lilionyesha kidole kwa mtu fulani, kwa kazi fulani, kwa nchi fulani. Makala haya yanafuata njia ya majina hayo ili kueleza jambo moja, yaani namna unyanyapaa ulivyoingia katika msamiati na hata katika sarufi, na namna ulivyoanza kupungua pale wenye virusi wenyewe walipotwaa haki ya kujiita. Wanahistoria wa tiba wameandika mengi juu ya dawa na takwimu. Maneno yamechunguzwa kidogo zaidi, ingawa ndiyo yaliyomfikia mgonjwa kabla ya dawa yoyote.

Jina la kwanza la Kagera lilikuwa jina la nguo. Vita kati ya Tanzania na Uganda vya mwaka 1978–1979 viliuacha mkoa huo katika uharibifu mkubwa, na baada yake biashara ya magendo ilistawi mpakani. Miongoni mwa bidhaa zilizovushwa kutoka Uganda kulikuwa na kitambaa kilichoitwa Juliana, ambacho vijana wa kisasa walikipenda sana. Ugonjwa ulipoonekana kwanza kwa wachuuzi na kwa wanawake waliohusiana nao, watu waliuita kwa jina la bidhaa yao: Juliana. Mantiki yake ni rahisi kuiona. Mtu aliyekufa kwa Juliana alikuwa amekufa kwa tamaa ya fedha za haraka na mavazi ya fahari, na aliyesalia kijijini akilima migomba yake alikuwa salama. Jina lilichora mpaka kati ya wenye hatia na wasio na hatia, na mpaka huo ulifuata njia za magendo.

Lakini jina hilo lilipandwa katika udongo uliokwisha kulimwa. Tangu zama za ukoloni, waganga wa serikali na wamisionari walikuwa wameandika juu ya kaswende katika nchi ya Wahaya, na juu ya wanawake waliotoka huko kwenda kutafuta fedha katika miji kama Nairobi, ambako waliitwa Waziba. Sifa hiyo mbaya ilikuwa na umri wa nusu karne ukimwi ulipofika. Kwa hiyo katika miaka ya 1980 Mhaya aliyesafiri kwenda Mwanza au Dar es Salaam aliweza kutazamwa kwa mashaka kabla hajafungua kinywa, si kwa sababu ya afya yake bali kwa sababu ya kabila lake. Yafaa kukumbuka jambo hili kila mara inaposemwa kwamba unyanyapaa ni mtoto wa ujinga. Watu wa Kagera waliuona ugonjwa huo kwa karibu mapema kuliko Watanzania wengine. Walichokosa si habari, bali jina lisilo na hukumu.

Upande wa Uganda, ugonjwa uliitwa slim, neno la Kiingereza lenye maana ya mwembamba, na Kiganda kikalifanya siliimu. Jina hilo liliingia hata katika vitabu vya tiba: mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao wa Uingereza walilitumia katika makala yaliyotolewa na jarida la Lancet. Tofauti na Juliana, slim halikutaja kazi wala safari, lilitaja mwili. Kwa sababu hiyo lingeweza kudhaniwa kuwa jina la upole. Matokeo yake yalikuwa kinyume. Jina linaloitwa kwa dalili humfanya kila mpita njia kuwa hakimu, maana dalili huonekana na wote. Mwenye kifua kikuu, mwenye njaa, mwenye huzuni ya kufiwa, wote walianza kupimwa kwa macho. Kwa upande mwingine mtu mnene alihesabiwa kuwa mzima, hata kama alikuwa na virusi kwa miaka saba au minane. Udanganyifu huo wa macho uliua watu wengi, na utarudi baadaye katika makala haya.

Nchini Zaire mambo yalichukua sura nyingine, kwa kuwa jina lilikuja limekwisha kutengenezwa. SIDA ni herufi za Kifaransa, nazo zilipokelewa katika lugha zote nne za taifa bila kutafsiriwa. Katika Kiswahili cha Kivu na cha Katanga neno hilo liliingia katika ngeli ya maneno ya kigeni, likasemwa sida ya, sida hii, na sikio la msemaji halikukosa kusikia jirani yake, shida. Mjini Kinshasa wenye mzaha walizifasiri herufi hizo upya kwa Kifaransa: Syndrome Imaginaire pour Décourager les Amoureux, yaani ugonjwa wa kubuni wa kuwavunja moyo wapendanao. Wageni wengi walioandika juu ya mzaha huo waliuona kuwa ni dalili ya ujinga au ya uzembe. Tafsiri hiyo haitoshi.

Ni lazima kukumbuka jinsi habari za ugonjwa zilivyowafikia Wazaire. Baadhi ya wagonjwa wa kwanza walioelezwa katika majarida ya Ulaya mwaka 1983 walikuwa watu kutoka Zaire waliotibiwa Brussels. Mwaka huo huo, huko Marekani, Wahaiti walitajwa kama kundi la hatari pamoja na mabasha, watumiaji wa heroini na wenye ugonjwa wa damu isiyoganda. Mwaka 1990 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilizuia damu ya Wahaiti wote na ya watu wote waliotoka Afrika kusini ya Sahara, na maelfu ya Wahaiti wakaandamana New York kupinga. Taifa zima lilikuwa limeambiwa kwamba damu yake ni chafu. Katika hali hiyo kulicheka jina SIDA kulikuwa ni namna ya kulirudishia tusi mwenyewe. Serikali ya wakati ule nayo iliona aibu. Katika miaka ya mwanzo habari za ugonjwa hazikuzungumzwa waziwazi magazetini. Mzaha wa mtaani na ukimya wa serikali vilikuwa na chanzo kimoja.

Jambo hili halijafungwa. Uchunguzi wa damu na vipande vya mwili vilivyohifadhiwa tangu 1959 na 1960 mjini Léopoldville, uliotangazwa mwaka 1998 na 2008, pamoja na utafiti wa mwaka 2014 uliokadiria kwamba mlipuko wa dunia nzima ulianzia mji huo karibu mwaka 1920, umeeleza mambo kwa njia ya historia: reli, mito, miji ya kikoloni iliyojaa vibarua wanaume. Ni maelezo mazuri. Lakini yakifupishwa katika sentensi moja ya redio, kwamba ukimwi ulitoka Kinshasa, yanasikika kama mashitaka yale yale ya 1983.

Neno ukimwi lenyewe lilizaliwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa kuunganisha vichwa vya maneno matatu: upungufu (au ukosefu) wa kinga mwilini. Kwa mwanaisimu ni neno la kustaajabisha. Vifupisho vingi hubaki vigeni katika lugha. Hiki kilipata bahati ya kuanza na u-, kwa hiyo mara moja kilikaa pamoja na ugonjwa, ukoma, uzee, umaskini na uchawi. Mwanzoni kiliandikwa kwa herufi kubwa, kisha kikaanza kuandikwa kwa herufi ndogo kama neno lolote, na watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kwamba ni kifupisho. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 haikuweza kuwa nalo. Leo kamusi isiyo nalo ingeonekana pungufu.

Hapa sarufi inatoa ushahidi usiotazamiwa. Katika Kiswahili maneno ya kundi hili huzaa kwa urahisi jina la mtu: uchawi na mchawi, uzee na mzee, ukoma na mkoma. Katika mkoma ugonjwa umemmeza mtu. Hakuna tena mtu aliye na maradhi, kuna maradhi yenye miguu. Ndiyo maana wafanyakazi wa afya wanapendelea kusema mwenye ukoma. Kwa ukimwi, ingawa njia ilikuwa wazi, jina la namna hiyo halikuota mizizi. Hakuna mkimwi katika kamusi. Lugha, kwa bahati au kwa hekima, iliacha kiti hicho kitupu.

Kiti kitupu lakini hakikai kitupu muda mrefu. Kilikaliwa na mwathirika, wingi wake waathirika, neno lililoenea katika redio na magazeti ya Afrika ya Mashariki kwa zaidi ya miaka kumi. Mwathirika ni mtu aliyepatwa na athari, aliyekwisha kudhurika. Neno lilikusudiwa kuonyesha huruma, na kwa kweli lilikuwa na heshima kuliko Juliana. Lakini lilimweka mtu upande wa wanaotendewa, wasiotenda. Lilimzika akiwa hai kwa adabu. Ukipitia habari za wakati ule utaona waathirika wakisaidiwa, wakihurumiwa, wakitembelewa na viongozi. Ni mara chache mno utawaona wakisema.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na neno dogo la kigeni, virusi. Wasemaji waliisikia silabi ya kwanza kama kiambishi cha wingi, wakasema virusi vya, virusi hivi, na mantiki ikawapeleka kwenye umoja wake, kirusi, ambalo bila hatia yoyote linafanana na lugha ya Moscow. Wasahihishaji wa magazeti walilalamika, lakini faida ilikuwa kubwa. Kabla ya neno hilo kuenea, alama katika damu na kifo kitandani vilikuwa na jina moja: ana ukimwi. Baada yake iliwezekana kusema kwamba mtu ana virusi vya ukimwi bila kuwa mgonjwa wa ukimwi. Kati ya maneno hayo mawili kuna miaka ya kuishi, kufanya kazi, kulea watoto. VVU, kifupisho cha virusi vya ukimwi, ni mlango ambao lugha ilifungua kabla ya dawa kupatikana.

Sehemu nyingine ya sarufi haikuwa na huruma kiasi hicho. Kitenzi kinachotumika kwa kupata ugonjwa huu ni kuambukizwa, na umbo lake ni la kutendwa. Kiswahili kinaruhusu kauli hiyo kusimama peke yake, lakini msikilizaji wa kawaida husubiri kiunganishi na: ameambukizwa na nani? Mtu hupata malaria, huugua homa, hushikwa na kifua. Hakuna anayeuliza ni mbu wa nyumba gani. Kwa ukimwi sentensi yenyewe humtafuta mkosaji. Mara nyingi jibu lilimwangukia mwanamke, kwa sababu iliyo nyepesi kabisa: kliniki za wajawazito zilipoanza kupima damu, mke ndiye aliyepimwa kwanza, ndiye aliyejua kwanza, na aliyejua kwanza akahesabiwa kuwa ndiye aliyeleta. Wajane wengi wa Maziwa Makuu walipoteza nyumba na mashamba kwa hoja hiyo. Katika mashariki ya Kongo, ambako vita vilifanya ubakaji kuwa silaha, hukumu ilikuja mara mbili kwa mwili mmoja: aliyebakwa, kisha aliyeambukizwa, maneno mawili ya kutendwa ambayo familia iliyasikia kana kwamba ni ya kutenda. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, inawapa waliofika ndani ya saa 72 dawa za kuzuia virusi visiingie mwilini. Aibu ndiyo inayowachelewesha wengine hadi saa hizo zipite.

Tamthilia imeliona jambo hili vizuri kuliko mabango. Katika Orodha ya Steve Reynolds, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2006, msichana Furaha anaacha orodha isomwe mazikoni pake, na wanaume wa kijiji wanatetemeka wakidhani ni majina ya waliolala naye. Kumbe ni mambo ambayo yangemsaidia kuishi. Hofu ya wanaume hao ni hofu ya kiunganishi na.

Ama kuhusu mabango, ukweli ni kwamba hayakusaidia. Kampeni za miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 zilitegemea fuvu la kichwa, jeneza na sentensi fupi: ukimwi unaua, ukimwi hauna dawa. Zilikuwa za kweli, na nia yake ilikuwa njema. Lakini mtu aliyeambiwa kila siku kwamba ugonjwa ni kifo alijifunza kumtazama mwenye ugonjwa kama maiti, na hakuna anayekula sahani moja na maiti. Pia alijifunza kutokwenda kupima, kwani kwa nini mtu aende kuchukua hukumu ya kunyongwa?

Lugha ya mtaani, ambayo wakubwa waliilaumu kwa utovu wa adabu, inastahili kutetewa kidogo. Vijana wa Tanzania walisema fulani amekanyaga waya, ana umeme, ana ngoma, ana mdudu. Herufi za Kiingereza A, I, D, S walizifanya kuwa Acha Iniue Dogedoge Siachi, mzaha wa mtu anayejigamba kufa kwa ajili ya wasichana wadogo, na huo hauna utetezi. Lakini waya na umeme ni mfano wa ajali: mtu anapita njiani, hajui, anakanyaga. Hakuna zinaa ndani ya neno hilo, hakuna kabila, hakuna laana. Majina haya ya kujificha yaliziwezesha familia kuzungumza juu ya jambo ambalo jina lake rasmi halikutamkika mezani. Ukali wa lugha si lazima utoke chini.

Mwaka 1989 ulikuwa na vifo viwili vya wanamuziki ambavyo vinaonyesha tofauti kubwa. Tarehe 12 Oktoba, Luambo Makiadi, anayejulikana kwa jina la Franco, alifariki Namur, Ubelgiji. Miaka miwili kabla yake alikuwa ametoa Attention na SIDA, wimbo mrefu kwa Kifaransa na Kilingala wa kuwaonya watu wa kila daraja. Alipokonda, uvumi wa Kinshasa ulimpa ugonjwa huo bila kumwuliza. Yeye hakuuthibitisha, na maradhi yake ni yake. Tarehe 15 Desemba, Philly Bongoley Lutaaya alifariki Uganda. Yeye alikuwa amerudi kutoka Sweden, na mwezi wa Aprili akatangaza hadharani kwamba ana ukimwi, kisha akapita mashuleni na makanisani akiimba na kueleza. Mwanzoni wengi hawakumsadiki. Walidhani ni hila ya kutafuta fedha. Hilo lisishangaze. Jina slim lilikuwa limewafundisha kwamba ugonjwa huonekana kwa macho, na mbele yao alisimama mtu mwenye sauti na nguvu za kupanda jukwaani. Walimwamini mwili wake ulipokwisha. Hata hivyo tofauti kati ya vifo hivyo viwili inabaki: kwa Franco jina lilitoka kwa watu, kwa Lutaaya lilitoka kinywani mwake. Uvumi haukuwa na la kuongeza.

Aliyeufanya unyanyapaa uwe suala la dunia alikuwa amefanya kazi Kinshasa. Jonathan Mann, daktari Mmarekani, aliongoza tangu mwaka 1984 Projet SIDA, mradi wa utafiti uliokuwa na makao yake katika Hospitali ya Mama Yemo, hadi alipoitwa Geneva kuanzisha mpango wa ukimwi wa Shirika la Afya Duniani. Mwezi wa Oktoba 1987 alieleza mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba kuna milipuko mitatu: wa virusi, usioonekana, wa ugonjwa, unaofuata baada ya miaka, na wa tatu, wa namna jamii inavyoupokea, ambao ni sehemu ya tatizo sawa na ugonjwa wenyewe. Projet SIDA ilikoma mwaka 1991, baada ya askari kupora mji wa Kinshasa mwezi wa Septemba. Mann alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1998.

Lakini wazo hilo halikuwa la wataalamu peke yao. Mwezi wa Juni 1983, huko Denver, Marekani, kundi la wagonjwa lilikuwa limekataa kuitwa wahanga na kudai waitwe watu wenye ukimwi. Mwaka 1987, mjini Kampala, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe mwezi wa Januari mwaka huo, alianzisha pamoja na wenzake chama cha TASO. Mwaka 1989 kikazaliwa Dar es Salaam chama cha WAMATA, na jina lake linastahili kusomwa polepole: Walio Katika Mapambano na AIDS Tanzania. Ni sentensi nzima, na mtendaji wake ni wenye jina. Halimtenganishi mgonjwa na mke wake, mama yake, jirani anayemwogesha. Wote wako katika mapambano. Ukilinganisha walio na waathirika, unapata katika herufi chache historia ya mawazo ya kizazi kimoja. Kinshasa nayo ilipata mwaka 1994 Fondation Femme Plus, ya wanawake wenye virusi. Tarehe 1 Desemba mwaka huo, serikali 42 zilizokutana Paris zilikubali kwamba watu hawa washirikishwe katika maamuzi yote yanayowahusu.

Kutoka katika vyama hivyo lilitoka fungu la maneno kuishi kwa matumaini. Kiingereza kilisema kuishi kwa namna chanya, kikicheza na jibu la maabara, ambalo nalo huitwa chanya. Mchezo huo haukuweza kuvuka, kwa kuwa katika Kiswahili chanya ni neno la hesabu. Watafsiri waliacha mchezo wakachukua matumaini, na tafsiri ikashinda asili yake, kwa sababu inasema jambo ambalo asili ililificha ndani ya utani. Baadaye maneno watu wanaoishi na virusi vya ukimwi yalifupishwa Tanzania kuwa WAVIU. Nchini Kongo watu husema PVV, kwa herufi za Kifaransa. Ni marefu, ni mazito, na mshairi hatayapenda. Lakini kitenzi kilichomo ndani yake ni kuishi.

Hata adui alihitaji jina. Kitenzi kunyanyapaa, kumtenga mtu kwa kumwonea kinyaa, ni kikongwe kuliko ugonjwa huu, lakini jina lake, unyanyapaa, lilipata kazi mpya mwishoni mwa miaka ya 1990, na likaenea zaidi wakati kampeni ya Umoja wa Mataifa ya 2002–2003 ilipochagua suala hilo kuwa mada yake. Tangu hapo jambo lililotendwa kimya kimya, kama kumwekea mtu kikombe chake peke yake, liliweza kushitakiwa kwa jina. Mashariki ya Kongo neno hili linasikika katika vyama na redio. Katika mazungumzo ya nyumbani watu husema zaidi kumtenga au kumkimbia, na maneno hayo yanatosha.

Dawa zilifika zikiwa zimechelewa. Muungano wa dawa ulioweza kuwarudisha watu kutoka mlangoni pa kaburi ulijulikana mwaka 1996, lakini mwaka 2000 bei yake ilikuwa karibu dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwezi wa Februari 2001 kampuni ya Kihindi ya Cipla ilijitolea kuziuza kwa dola 350, na mwaka 2003 Médecins Sans Frontières ilianza kuzitoa bila malipo Bukavu. Kiswahili kiliziita kwanza dawa za kurefusha maisha, jina linalokiri kwamba maisha yamekwisha kuwa mafupi. Kisha Tanzania ikazoea dawa za kufubaza virusi, kama mtu anavyofubaza makali ya kisu. Jina la pili ni bora: linasema dawa inamfanyia nini kirusi, si linamwahidi nini anayekufa. Mwili uliponenepa tena, slim lilipoteza ushahidi wake. Aibu ilihama kutoka mwilini hadi kwenye kichupa: watu walihamisha vidonge katika karatasi, wakasafiri mbali kwenda kliniki ambako hawakufahamika, wengine wakaacha dozi siku za wageni.

Sheria ya Kongo namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 ilikataza ubaguzi dhidi ya watu wanaoishi na virusi. Tanzania ilipata sheria yake mwaka huo huo. Lakini sheria ya Kongo, katika kifungu cha 45, iliadhibu pia kuambukiza kwa makusudi, na hivyo swali la zamani, na nani?, likaingia mahakamani likiwa limevaa joho. Mkono mmoja ulimlinda mtu, mwingine ulimwonya kwamba kujua hali yake kunaweza kumtia hatiani, na asiyepima hakuwa na la kujibu. Vyama vya wenye virusi na wanasheria walikipinga kifungu hicho kwa miaka mingi. Kiliondolewa na sheria namba 18/012 ya tarehe 9 Julai 2018.

Kazi iliyopo mezani kwa wanaisimu wa Kiswahili sasa ni tafsiri ya ukweli mmoja wa kitabibu. Tangu miaka ya 2010 imethibitishwa kwamba mtu anayetumia dawa vizuri, hadi kipimo kisiweze tena kuona virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kampeni ya dunia ya kulieneza jambo hili ilianza mwaka 2016. Ukisema kwa Kiswahili virusi visivyoonekana haviambukizi, msikilizaji wa Uvira au wa Kasenga atakujibu kwamba virusi havikuonekana tangu mwanzo, na hata hivyo viliua. Ukisema visivyogundulika, atafikiri vimejificha vikimvizia. Visivyopimika linakaribia ukweli, lakini kwa wengi kisichopimika ni kitu kikubwa mno. Manesi hujaribu virusi vimelala. Na kilicholala, kila mtu anajua, huamka. Labda inafaa kuacha kitenzi cha macho kabisa na kusema kwa urefu: damu yake imepimwa, virusi vilivyobaki ni vichache mno kiasi kwamba havivuki kwenda kwa mtu mwingine.